Mawindo Yaliyofikiwa na Mkono

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari wakapata ndani yake chakula na pambo na njia ya kusafiria. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Yamezuka katika miji yetu ya pwani maneno mengi juu ya mashine hizi za kompyuta zitumiwazo katika uvuvi. Wala hatukusudii uvuvi wa riziki, bali ule uvuvi wa starehe ambao mtu huuendea siku ya mapumziko kwa kujifurahisha. Zamani jambo hilo tukiliona kwa wageni tu, katika boti zao za Malindi na Watamu na Shimoni, wakija wakati wa kaskazi kuwinda sulisuli na nduaro. Leo wako vijana wetu, na wengine si vijana tena, wanaonunua boti kwa shirika, wakafunga mashine, wakatoka kushindana. Na watu wamekuwa makundi mawili. Wako wazee wasemao kuwa mashine hizo ni bidaa, na kuwa samaki aliyepatikana kwazo hana baraka. Na wako vijana wasemao kuwa Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya bahari bila ya kuweka sharti, basi hapana la kuulizwa. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la hilo la pili ndilo kubwa zaidi.

Wazee wetu twawajibu kwa heshima na kwa ufupi. Bidaa iliyokatazwa ni kuzua jambo katika dini. Ama vyombo vya kazi na vya safari, asili yake ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Ahmad bin Majid wa Julfar, baharia mashuhuri wa karne ya 15 aliyeandika juu ya nyota na njia za bahari hii yetu, alisafiri kwa dira na kwa kamali, yaani kile kibao chenye uzi wa mafundo cha kupimia urefu wa nyota. Mabaharia wa Kiislamu walikwenda kwa vyombo hivyo hata Hindi na huku kwetu, na hatukusikia kuwa walipungukiwa na imani kwa ajili hiyo. Mtu asiingize katika dini chuki yake ya vitu vipya.

Tena si vyema mtu kuhukumu asichokijua. Mashine ya kutafutia samaki hutuma sauti ndani ya maji. Sauti hiyo ikipiga mchanga wa chini, au ikapiga mwili wa samaki, hurudi kwa mwangwi, na mashine ikahesabu muda wa kwenda na kurudi. Sauti hukimbia ndani ya maji ya bahari kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde moja. Basi mwangwi uliorudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde umetoka kina cha mita 75. Hapana uchawi hapo, ni hesabu tu. Kampuni ya Furuno ya Japani ndiyo iliyotoa mashine ya kwanza ya biashara ya namna hiyo mwaka 1948, kwa ajili ya wavuvi wa kazi. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 Carl Lowrance wa Marekani akawauzia wavuvi wa starehe mashine ndogo iliyowafaa katika maziwa yao.

Lakini mashine hizo za kwanza zilionyesha alama tu, na mwenye kuzitazama ilimlazimu kuzifasiri kwa akili na uzoefu wake. Mambo yamegeuka tangu mwaka 2018, ilipotoka mashine ya Garmin iitwayo Panoptix LiveScope, na zikafuata za wengine. Sasa mvuvi hutazama maji yaliyo mbele ya boti yake kama atazamaye sinema: amwona samaki akiogelea, aiona ndoana yake ikishuka, na amwona samaki akigeuka kuifuata au kuikataa. Juu ya hiyo iko mashine inayosoma setilaiti, imrudishayo mtu kwenye jabali lile lile la mwaka jana bila ya kukosea ila kwa mita chache. Iko mota ya umeme inayoishika boti mahali pamoja pasipo nanga, na liko gurudumu linalokunja mshipi lenyewe, mwenye mshipi amekaa na kikombe chake cha kahawa. Na iko droni, ndege ndogo isiyo na rubani, ipelekayo chambo mbali mahali ambapo mkono wa mtu haukupata kukitupa.

Basi yatupasa tuseme neno ambalo huenda lisiwapendeze watu wapendao kuzisifu zama zilizopita. Mababu zetu hawakuwamaliza samaki, lakini si kwa kuwa wote walikuwa wachamungu. Walizuiwa. Kusi likivuma hawakutoka, maji ya kina kirefu hawakuyafikia, na jabali lililo chini hawakulijua ila kwa kulipapasa kwa bildi na mshipi. Giza la maji lilikuwa ngome ya samaki, na ujinga wetu ulikuwa rehema kwake. Leo ngome hiyo imebomolewa na ujinga huo umeondoka. Kilichobaki baina ya samaki na mvuvi wa starehe ni kitu kimoja, nacho ni moyo wa huyo mvuvi: je, anaweza kuuzuia mkono wake hali ya kuwa anaweza kupata?

Swali hili si geni katika dini yetu. Katika Suratul Maida Mwenyezi Mungu amewaeleza waumini kuwa atawajaribu kwa mawindo yatakayokuwa karibu nao, yafikiwayo na mikono yao na mikuki yao, nao wako katika ihramu. Wafasiri wametaja kuwa hayo yalikuwa Hudaibiya, wanyama na ndege wakawasogelea watu mpaka penye mizigo yao kwa wingi ambao hawakupata kuuona. Zingatieni jambo hilo. Mtihani haukuwa njaa wala uchache wa nyama. Mtihani ulikuwa wepesi! Mawindo yalipokuwa mbali kila mtu alikuwa mtiifu. Yalipokaribia ndipo alipojulikana amchaye Mola wake ghaibu. Nasi hatusemi kuwa mvuvi wa Kilifi yuko katika ihramu. Twasema kuwa aliyeletewa samaki mpaka mbele ya macho yake, juu ya kioo, naye hana haja naye ya chakula, amesimamishwa mahali pa kujaribiwa, naye adhani yuko mchezoni.

Na kisa kingine ni kile cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliotajwa katika Suratul Aaraf, ambao wengi wa wafasiri wamesema kuwa mji wao ni Aila. Walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Na kwa mtihani wa Mwenyezi Mungu samaki wakawajia Jumamosi wakionekana juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Watu wale hawakusema kuwa wataasi. Walifanya hila: wakatega nyavu na kuchimba mifereji kabla ya siku hiyo, samaki wakaingia wenyewe Jumamosi, nao wakaja kuwatoa Jumapili, wakasema sisi hatukuvua siku iliyokatazwa. Na mwajua yaliyowafika.

Sasa tazameni hali yetu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968, na ndani ya hifadhi hizo hairuhusiwi kuvua. Zamani aliyevuka mpaka aliweza kusema kuwa mkondo umemchukua, na pengine alisema kweli. Mwenye mashine ya setilaiti hana udhuru huo, kwani mpaka wauona juu ya kioo chake kama uzi. Lakini uzi huo huo wamwezesha kusimama nje yake kwa mita chache, akakipeleka chambo ndani kwa droni, akamvuta samaki wa ndani akiwa yeye yuko nje, kisha akaapa kuwa boti yake haikuvuka. Twawauliza wenye akili: iko tofauti gani baina ya droni hiyo na mfereji wa watu wa Aila? Wao walidanganya kwa siku na huyu adanganya kwa mahali. Ikiwa serikali imeweka mpaka kwa maslaha ya watu wote, na mpaka huo haumwamrishi mtu maasi, basi kuufuata ni wajibu, na hila haiugeuzi wajibu huo.

Liko na jambo jingine ambalo wavuvi wetu wa kazi wanalijua kuliko sisi. Tewa, na samaki wengine kadha wa kadha wa mwambani, wana majira na miezi ambayo hukusanyika mahali maalumu kwa ajili ya kuzaana. Nahodha wa zamani akipajua mahali hapo alipaficha. Alimwambia mwanawe, na pengine hakumwambia mpaka alipokaribia kufa. Nasi tulikuwa tukimwita bahili. Leo kijana akipata mahali kama hapo hubonyeza kidude, mashine ikaandika tarakimu za mahali, akazipeleka kwa simu kwa rafiki zake, na rafiki zake kwa rafiki zao, na jua halijatua watu mia wanazo ambao hawajawahi hata kuiona bahari ile. Juma la pili boti ziko hapo zote, watu wanacheza na kupiga picha, na samaki wanaouawa ndio wale waliojaa mayai. Na mvuvi maskini wa ngalawa, ambaye watoto wake hula kwa mwamba ule, afika baada ya miezi akiukuta mtupu. Yeye hana mashine wala hakucheza. Lakini hasara ya mchezo imemwangukia yeye. Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kulipizana madhara, na hapa tunamdhuru mtu ambaye hata hakutukosea. Siri ya nahodha yule tuliyemwita bahili ilikuwa sadaka kwa mji mzima.

Twataja sasa jambo la kutufedhehesha. Wenye mchezo huu katika nchi nyingine, watu wasiodai kuwa mchezo wao ni dini, wameona hatari yake wakajiwekea mipaka. Shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo, IGFA, lililoundwa mwaka 1939, haliandiki katika daftari la rekodi zake samaki aliyevutwa kwa gurudumu la mota. Lasema mtu na avute kwa mkono wake. Katika Marekani, ambako mashindano ya uvuvi ni biashara kubwa, Major League Fishing iliamua kuwa katika mashindano yake makubwa ya mwaka 2025 mvuvi aruhusiwe kuitumia mashine ile ya kuona mbele katika kipindi kimoja tu kati ya vipindi vitatu vya siku. Na Afrika Kusini mwezi wa Februari 2022 serikali ilitangaza kuwa kuvua kwa droni na kwa vijiboti viendeshwavyo kwa mbali ni kinyume cha sheria. Wauzaji wakaenda mahakamani Pretoria, na mwaka huo huo wakashindwa. Watu hao wamejizuia kwa ajili ya ladha ya mchezo na kwa ajili ya samaki wa kesho. Nasi tulio na Kitabu chenye kisa cha watu wa Aila, tunangoja nani atuzuie?

Tuje katika nia. Kuvua kwa ajili ya kula, au kuuza, au kumpa jirani, ni halali, hata kama mtu aliifurahia safari yake. Wala furaha haiharibu halali. Lakini kumtesa kiumbe kwa mchezo mtupu ni jambo jingine. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Ibn Umar (Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao yeye na baba yake) alipita penye vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakimpiga mishale, na mwenye ndege walimpa kila mshale uliokosea. Walipomwona wakatawanyika. Akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyokutana pale, mateso na malipo ya mchezo. Ndiyo haya haya tunayoyaona leo.

Huenda mtu akasema, sisi hatumuui, twamvua tukampiga picha tukamrudisha majini. Twamjibu kuwa hilo lina tafsili. Samaki wa juu ya maji kama sulisuli, akivuliwa kwa upole na akaachiwa upesi, huweza kuishi. Na yako manufaa katika kazi ya kumtia alama yenye nambari, kama ifanywavyo na African Billfish Foundation ya Watamu, kwani kwa alama hizo hujulikana samaki walikotoka na walikokwenda, na elimu hiyo yasaidia kuwahifadhi. Hayo si mchezo mtupu. Ama tewa au changu aliyeonekana na mashine katika kina kirefu, akavutwa mbio mpaka juu, huyo kila mvuvi ajua hali yake: kibofu chake cha hewa kimefura, macho yamemtoka, na tumbo limetokeza mdomoni. Kumtupa huyo majini na kusema "nenda salama" ni dhihaka. Aelea juu ya maji mpaka ale na ndege. Huo ni uharibifu wa neema, na imepokewa na Nasai habari ya shomoro aliyeuawa bure, kuwa siku ya Kiyama atamshitaki kwa Mola wake aliyemuua pasipo manufaa. Mvuvi ambaye mashine yake imemwonyesha kina kabla ya kutupa ndoana hawezi kusema kuwa hakujua ni samaki wa namna gani atakayemtoa.

Na mashindano je? Kila mmoja akitoa kiingilio, fedha zikakusanywa, akazichukua mwenye samaki mzito, hiyo ni kamari, hata ikiitwa kwa jina zuri na hata kombe likitolewa na mtu mwenye kilemba. Mtume (S.A.W.) ameliweka tunzo la mashindano katika ngamia na farasi na mishale, na kauli yenye nguvu katika madhhabu yetu ya Shafii ni kutolipanua jambo hilo kwa yasiyofanana na hayo. Wako wanazuoni waliolegeza pale tunzo linapotoka kwa mtu asiyekuwa miongoni mwa wanaoshindana. Lakini viingilio vya washindani wenyewe, hivyo havina wa kuvitetea.

Tena mali ikiingia, uaminifu hutoka. Tarehe 30 Septemba 2022, mjini Cleveland katika Marekani, watu wawili walileta samaki wa Ziwa Erie kwenye mizani, na tunzo lilikuwa karibu dola 29,000. Msimamizi aliona samaki ni wadogo kwa umbo na wazito kwa mizani, akawapasua, akatoa matumboni mwao vipande vya risasi. Mwaka 2023 wakakiri kosa mbele ya mahakama, wakafungwa siku 10, na boti yao ikachukuliwa. Na huko ndiko ambako mashindano makubwa huwapima washindi kwa mashine ya kutambua uwongo! Watu wameweza kutengeneza kioo cha kuyaona yaliyo chini ya maji, na bado wahitaji kisu ili kuyajua yaliyo tumboni mwa samaki wa mwenzao.

Tuseme na neno juu ya sala, kwani twawaona wavuvi hawa wakirudi usiku, na wakiulizwa Magharibi yao husema kuwa baharini wakati haukujulikana. Mashine iliyowajulisha jabali kwa mita, na inayoandika saa ya kutua jua kwa dakika, imeshindwa kuwajulisha wakati wa sala? Mwenye dira ya setilaiti mkononi hana hata udhuru wa kibla.

Limebaki swali tuliloulizwa na mabaharia wetu waajiriwao katika boti za watalii, nao ni wengi na wana watoto. Je, ujira wao ni halali? Jawabu letu ni kuwa kuongoza boti, kuitengeneza, kufunga chambo, na kumsaidia mgeni avue samaki atakayeliwa, ujira wake ni halali pasi na shaka. Kukipeleka chambo ndani ya hifadhi ni kusaidiana katika uovu, hata mgeni akiongeza bakhshishi. Na penye samaki wa kina kirefu nahodha asingoje mpaka samaki yuko juu ndipo aanze kubishana na mwenye kulipa. Amwambie kabla ya kung'oa nanga, kwa upole, kuwa samaki wa kina akivuliwa harudishwi, bali hubaki na watu wa boti. Wageni wengi hukubali wakielezwa mapema. Kisha samaki huyo apelekwe nyumbani akaliwe, na akizidi apewe jirani, na wa kwanza wa majirani ni yule mwenye ngalawa aliyerudi na chombo kitupu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.